Chupa za Mama Mkwe na Nusu ya Friji

Jumatatu, 6 Novemba

Bia imeiva! Nimeonja kikombe kimoja moja kwa moja kutoka pipani. Nyepesi, chungu kidogo, na mwishoni ladha ya mkate wa kuchomwa. Sijisifu. Nasema kilichopo.

Shida ni friji. Friji la kimchi, ile kabichi ya pilipili iliyochachushwa, lililo kwenye veranda yetu ni la mama mkwe, ingawa linakaa kwetu. Tangu kiangazi linalea pipa langu, maana hakuna kitu kinachotunza baridi kama lile. Sasa kabichi zimekomaa kijijini kwake huko Goesan, na tarehe 25 mama mkwe anakuja na dada yake kutengeneza kimchi ya majira ya baridi. Amepiga simu leo. Kasema alikute friji tupu. Nimejitetea sana, mwisho tumepatana: siku hiyo, nyama ya nguruwe ikishaiva, nitawapa bia yangu. Ikiwa nzuri, nusu ya friji ni yangu daima. Ikiwa mbaya, pipa litoke na lisirudi. Mke wangu, Mama Seul-gi, amekubali kuwa shahidi huku akicheka. Sikuona cha kuchekesha.

Sasa zinakosekana chupa tu.

Jumanne, 7 Novemba

Siku ya kutoa taka za chupa na karatasi hapa kwenye maghorofa. Niliteremka mapema nikaokote chupa za bia. Wapi! Pyo wa ghorofa ya chini yetu alikuwa ameshafika, kavaa glavu, kikapu kimejaa. Pyo naye hupika bia. Tangu astaafu hana kazi nyingine. Kila chupa anaiinua kwenye mwanga na kufumba jicho moja, kama mtu anayekagua yai.

Akanipa somo bila kuombwa. Loweka kwenye maji ya magadi, sugua ndani kwa brashi, suuza, tia dawa ya kuua vijidudu, kisha zigeuze kichwa chini zichuruzike. Bia haiharibikii pipani, Bwana Bong, akasema, huharibikia kwenye chupa. Nikashukuru kwa adabu. Moyoni nikasema, mwenye muda wa kusugua chupa moja moja ni mtu aliyenyimwa ubunifu.

Akaniachia chupa mbili. Moja ina ufa.

Jumatano, 8 Novemba

Akili ni mali! Nimekumbuka stoo yetu. Kila mwaka mama mkwe hukamua ufuta wake kwenye mashine ya kijijini, na mafuta hutiwa kwenye chupa kuukuu za bia. Sisi tunakula mafuta, chupa tupu tunamwekea hadi msimu mwingine. Makreti kwa makreti! Chupa nzuri, nene, za rangi ya kahawia.

Mama Seul-gi akauliza kama mama yake anajua. Nikasema atajua atakapozikuta zimejaa bia, na atafurahi. Akauliza harufu je? Nikasema harufu ya ufuta ni harufu ya heshima. Akaenda kuanua nguo.

Nimetia maji ya moto, nikatikisa, nikamwaga. Yalitoka na vijiduara vinavyong'aa. Nikarudia. Vijiduara vikapungua. Nadhani vilipungua, miwani ilikuwa imejaa mvuke.

Ijumaa, 10 Novemba

Nimepata njia ya kuua vijidudu bila dawa. Hamamu, bafu la umma la mtaani! Kile chumba chao cha joto kinaweza kuchemsha mtu mzima, sembuse kijidudu. Nilifunga chupa kwenye begi chini ya taulo, nikazipanga juu ya benchi la mbao, nikakaa kando yake kama mchungaji.

Wazee wakaingia. Mmoja akauliza kama nimeleta wageni. Msuguaji wa hamamu akachungulia mlangoni na kile kitambaa chake cha kijani mkononi, akasema, “Walete huku, ndugu yangu, niwasugue mgongo, hawa bado wana nongo!” Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Nami nilitabasamu, ili waone sijali.

Kisha chupa zikapata moto. Chumba kizima kikaanza kunukia mchicha uliotiwa mafuta ya ufuta. Mzee wa kwanza akasema amesikia njaa ghafla. Wa pili akatoka kwenda kula. Meneja akaja, akanishikia mlango.

Si kitu. Joto zimeshalipata. Zile ambazo hazikuenea kwenye begi nimezisuuza kwa soju. Soju ni pombe, na pombe huua. Iliyobaki nimeinywa, nikajitakasa na mimi.

Jumapili, 12 Novemba

Siku ya kujaza. Nilikuwa ndiyo kwanza nagonga kizibo cha kwanza, Pyo akabisha hodi. Kasikia nyundo. Alileta brashi yake ndefu na pakiti ya dawa, eti dawa ninayo nyingi, Bwana Bong, usione haya. Niliona haya kidogo, kwa hiyo nikamwambia chupa zangu zimeshatakaswa kwa njia ya kisasa.

Brashi aliiacha. Nimeiweka kwenye rafu ya viatu. Inafaa kutoa tope.

Mama Seul-gi amesema sikio la kufa halisikii dawa. Nikamwambia anishikie mpira wa kujazia.

Jumatano, 22 Novemba

Chupa zimepangwa sebuleni ili gesi ijae. Kwenye shingo ya kila moja kuna pete nyembamba ya dhahabu inayoelea juu. Itakuwa hamira. Mama Seul-gi anataka tufungue moja tujue mapema. Nimekataa. Zawadi haifunguliwi kabla ya sherehe.

Nimelala vizuri. Karibu vizuri.

Jumamosi, 25 Novemba

Nyumba nzima kabichi. Bafuni kabichi, ukumbini kabichi, mama mkwe na dada yake wamechuchumaa kwenye beseni jekundu, pilipili hadi viwikoni. Lifti iliharibika, Pyo akasaidia kupandisha magunia, basi Mama Seul-gi akamkaribisha chakula. Kaja na chupa zake mbili. Nani alimwambia alete?

Nyama ikaiva. Nikasimama, nikamimina. Povu hakuna. Bia ilitulia kwenye glasi kama maji ya dimbwi, na juu yake matone ya dhahabu yakaanza kuogelea. Dada wa mama mkwe akatazama, akachukua kipande cha nyama, akakichovya. Akasema, “Mchuzi huu umepungua chumvi, mwanangu.”

Mama mkwe akaonja. Akaiweka glasi chini taratibu. Akasema, “Mkwe wangu Bong, huu ni ufuta wangu wa mwaka juzi. Nautambua.”

Nikafungua nyingine. Ya mwaka jana.

Hapo Pyo akafungua yake. Povu la vidole viwili! Mama mkwe akanywa yote, akafuta midomo kwa mgongo wa mkono, akauliza anafanyaje. Chupa tu, mama, akajibu yule mnafiki kwa unyenyekevu. Mama mkwe akarudi kwenye glasi yangu, akapuliza mafuta pembeni kama mtu anayepoza supu, akaonja tena. Akasema, “Huku chini ni bia nzuri. Pole, mwanangu.”

Hiyo pole iliniuma kuliko kicheko chote cha hamamu. Bia ilikuwa nzuri. Ilikuwa nzuri kweli! Nilikwenda verandani nikajifanya nahesabu kabichi.

Friji nimepoteza. Pipa nimelitoa mwenyewe. Mama mkwe amelijaza friji kimchi hadi juu, isipokuwa kona moja. Kona hiyo kampa Pyo, ili akija apate bia ya baridi. Na lifti bado mbovu. Kreti la Pyo nani amelipandisha? Mimi.

Jumapili, 26 Novemba

Mama mkwe ameondoka. Nimetafakari kwa utulivu nikagundua kosa liko wapi. Chumba cha joto cha hamamu siku hizi hakina joto. Soju nayo imekuwa nyepesi. Tena nyama ilikuwa na mafuta mengi, lazima yaliruka.

Pyo kaja kuchukua brashi yake. Ina tope. Ameondoka akiitazama. Ataisugua, maskini, ndiyo raha yake.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Veranda yenyewe sasa ina baridi kuliko friji, pipa limeshapata mahali. Na chupa? Kimchi ya jana imemaliza mchuzi wote wa dagaa waliochacha aliouleta mama mkwe. Ameniachia kreti zima la chupa tupu! Nimeinusa moja, nikainusa tena. Haina mafuta hata tone. Maji ya moto kidogo yatatosha.