Shaba ya Shemeji

Jumatatu, 4 Agosti

Siku ya kumi na tisa kambini. Baridi ya kung'oa meno. Shemeji kaamka kabla ya wote, kakunja blanketi, kanyoa ndevu. Mlimani! Anamnyolea nani, mbuzi?

Niandike wazi ili roho itulie. Huyu ni mdogo wa mke wangu. Kazi hii nilimtafutia mimi. Kushika nyundo ya mawe nilimfundisha mimi. Alhamisi Mkuu wa utafiti wa madini anapanda kuchagua nani asimamie uchorongaji, kutoboa mwamba kwa mtambo, na mpishi ameshaanza kumwita shemeji "Mkubwa". Mimi ananiita "wewe wa chai ya pili". Miaka minane kwenye mawe!

Tumegawana mlima. Mimi ukingo wa juu, yeye mteremko wa chini. Ukingo wangu ni mwamba wa kutu mtupu, unachafua hadi soksi. Mawe yake yana madoa ya kijani, ule ukijani wa shaba ambao hata asiyesoma anaujua. Mwenye bahati habahatishi.

Jumanne, 5 Agosti

Nimepanda kwenye jiwe la mtandao kumpigia mama watoto. Nikamwambia nimechoka. Akasema pole, halafu akauliza kama mdogo wake anakula vizuri. Nikasema nimeteguka kifundo. Akasema basi nimwangalie mdogo wake, naye asije akateguka. Nikakata. Mtandao nitausingizia.

Mchana tumetwanga sampuli. Jiwe linatwangwa kwenye kinu cha chuma mpaka unga, unga unatiwa mfuko wa kitambaa, mdomoni kinafungwa kwa uzi kibandiko chenye jina la aliyeleta jiwe. Vibandiko vyote kafunga shemeji, vyake na vyangu, eti ana mwandiko mzuri. Mpishi kausifu. Mpishi mwenyewe hajui kusoma!

Mifuko yake kumi na miwili. Yangu kumi na miwili. Mungu hakosei hesabu. Kuna jambo nimeliwaza.

Jumatano, 6 Agosti

Tayari! Wote walishuka mtoni kuoga. Mimi nikasema nina mafua. Dakika ishirini tu: vibandiko vyake kwenye mifuko yangu, vyangu kwenye yake.

Waliporudi, shemeji kaniletea maji ya moto nijifukize, eti ya mafua. Kujipendekeza! Nimejifukiza. Mafua sikuwa nayo, ila pua imezibuka kweli.

Alhamisi, 7 Agosti

Laiti nisingeamka.

Mkuu kafika na mashine ya mkononi. Unaielekeza kwenye unga, inasoma madini yaliyomo. Akaanza na mifuko yenye jina langu. Nilivaa shati safi. Mfuko wa kwanza, hamna kitu. Wa pili, hamna. Wa kumi na mbili, hamna! Akaja kwenye mifuko yenye jina la shemeji. Akasoma mara moja, akasoma tena, akavua kofia. Shaba! Shaba tele!

Nikauliza kwa mbali, na yale madoa ya kijani je? Mkuu akasema mara nyingi ni rangi ya juujuu, maji yameyeyusha shaba kwingine yakaja kuipaka pale. Cha kuheshimu ni kutu, chini yake ndiko madini hupenda kulala. Akashangaa kutu ya ukingo wangu imetoka kapa. Akasema pole.

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Mimi nimeingia na ndoo.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimetulia. Mkuu kaamua mtambo uchoronge mteremko wa shemeji. Sawa! Watachoronga mpaka wachoke na hawataona kitu. Aibu itakuwa ya nani? Ninyamaze tu. Shemeji mwenyewe hali chakula, anazunguka na unga kiganjani. Nimekula sahani yake.

Jumapili, 10 Agosti

Mama yangu!

Wakati wa chai shemeji kasimama mbele ya wote. Kamimina unga wa mfuko wake kwenye sahani nyeupe: mwekundu. Katwanga jiwe la mteremko wake hapo hapo: unga wa kijivu. Rangi! Miaka minane kwenye mawe, rangi sikuikumbuka!

Shemeji akainamisha kichwa. Akasema kosa ni lake, vibandiko alifunga yeye, bila shaka alivichanganya kwa uchovu. Shaba ni ya ukingo wa shemeji yake, yaani mimi, na anaomba radhi. Halafu akanitazama. Jicho la mama watoto lile lile. Anajua! Niliona haya mpaka masikio yakawaka.

Haya zikakatika Mkuu alipompa mkono. Akasema mtu anayekubali kosa mbele za watu ndiye wa kukabidhiwa kambi. Shemeji ndiye msimamizi. Wa uchorongaji wa ukingo wangu! Mpishi akapiga sufuria kwa mwiko. Mimi nikapongezwa kwa kubeba mawe mazito.

Nimejifungia hemani na wivu wangu. Kosa nimetenda mimi, kwa mikono yangu miwili, na sifa kachukua yeye. Hata kosa kaniibia!

Lakini sasa nimejua cheo kinapatikanaje. Mkuu anaondoka Jumanne. Kesho wakati wa chai nitasimama mbele ya wote, nikiri kosa kubwa kuliko la shemeji. Nalala mapema, niwahi kuamka nikalitende.