Nyota kwenye Kioo cha Mbele

Jumatatu, tarehe 3 Machi
Siku mbaya. Jiwe limegonga kioo cha mbele cha gari. Kidonda kidogo tu, upande wa dereva, ukubwa wa punje ya mahindi, chenye vimiguu vitano kama nyota. Chanzo nakiandika hapa kwa sababu sitakisema kwingine: nilikuwa nimejibana nyuma ya lori la kokoto. Lori hukata upepo, na gari dogo likilifuata kwa karibu huteleza bila kula mafuta. Ndivyo ninavyoamini. Mke wangu amenikataza mara tatu. Kwa hiyo asijue.

Hasa wiki hii. Ijumaa mama mkwe anafanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, jicho la kulia. La kushoto lilishazimika zamani. Niliomba kumpeleka hospitali. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, naye aliomba. Tunamwita Bwana Kamili, kwani hajawahi kukosea, na siku akikosea atakosea vizuri. Mama akanichagua mimi. Miaka kumi na moja ya ndoa, mara ya kwanza!

Jumanne, tarehe 4
Nimepita kwa fundi wa vioo. Mzee mpole, miwani inaning'inia kwenye kamba. Alipapasa kidonda kwa ukucha, akasema bado kinazibika: atadunga gundi maalumu, ataikausha kwa taa yake, nusu saa nimeondoka. Nikichelewa, ufa utatambaa, na hapo ni kubadilisha kioo kizima. Nikajua inakuja ile methali ya ufa na ukuta. Ikaja. Nikamjibu mimi sina ukuta, nina gari. Hakucheka.

Nilimwambia nitafikiri. Nimefikiri. Gundi ni gundi. Na taa ya nini, jua la Mungu lipo?

Jumatano, tarehe 5
Nimeomba ruhusa kazini. Nimechukua rangi ya kucha ya mke wangu, ile nyeupe kama maji, nikaichanganya na gundi ya kubandikia soli. Nikapaka. Nikaegesha gari juani.

Saa nane kidonda kilikuwa cha manjano, na nzi mmoja amenasa katikati.

Nikaona nioshe, nianze upya. Kioo kilikuwa cha moto kama kikaango. Nikakimwagia ndoo nzima ya maji baridi.

Sauti ilikuwa ndogo. Tik! Ufa ukaondoka pale kwenye nyota, taratibu, kama mtu anayejua anakokwenda, ukafika katikati ya kioo ukapumzika.

Nimekaa garini muda mrefu. Sikulia.

Jioni mke wangu aliulizia chupa yake ya rangi. Nikasema sijaiona. Akaniangalia vidole.

Alhamisi, tarehe 6
Ufa unahitaji stika ndefu. Duka la vifaa vya ofisi lilikuwa na aina moja tu: TAFADHALI USISUKUME MLANGO. Nimebandika. Ufa hauonekani hata kidogo!

Bwana Kamili amekuja kuangalia matairi, eti. Alisoma stika mara mbili. Nikamweleza ni mambo ya usalama. Akasema gari lake liko tayari kesho, likihitajika. Nikamshukuru kwa heshima, nikakataa. Mlangoni akageuka, akasema mama hali chakula vizuri wiki hii, anaogopa. Nikamwambia mama ana dereva.

Ijumaa, tarehe 7
Ya leo lazima niyaandike.

Mama mkwe alikaa mbele, mkoba magotoni. Njia nzima alizungumza taratibu. Alisema wajukuu wake siku hizi anawajua kwa vikohozi. Akisikia kikohozi kigeni, anaogopa kuuliza ni nani. Nikamwambia leo yatakwisha.

Tukakata kona, jua likatupiga usoni. Gari likaruka tuta. Tik! Ufa ukamaliza kioo, ukawaka wote kama waya wa moto. Chini mwanga, juu stika. Barabara sikuiona. Nikasikia honi, nikakanyaga breki, nikasogea pembeni kwa kubahatisha. Mtu wa baiskeli alipita akinitukana, ndiyo nikajua alikuwepo.

Mama akauliza tumefika? Nikamweleza yote. Lori, rangi ya kucha, nzi, stika. Kisha akasema, "Kwa hiyo, mwanangu, mimi sioni na wewe huoni. Nani alikuwa anaendesha?"

Nikasema, "Hakuna, mama."

"Basi mpigie anayeona."

Nikampigia Bwana Kamili. Simu yake ikaita nyuma yangu. Alikuwa akitufuata tangu getini. Mke wangu ndiye aliyemtuma. Shemeji alimshika mama mkono, akamhamishia kwenye gari lake. Afadhali angenitukana.

Jumamosi, tarehe 8
Bandeji imetolewa. Mama aliwaangalia wajukuu mmoja mmoja, akiwataja majina kabla hawajakohoa. Halafu akaniangalia mimi, sana, akasema sauti yangu ni ya kijana kuliko uso wangu. Nikatoka nje kidogo. Vumbi lilikuwa limeniingia machoni.

Mke wangu alinifuata. Alisema kioo hakikumuuma, alikiona Jumatatu ile ile. "Kilichoniuma ni kumkalisha mama yangu nyuma yake, huku unajua."

Nimeapa: kuanzia leo fundi akisema, mimi nasikiliza.

Jumatatu, tarehe 10
Kioo kipya! Safi kama hakipo. Fundi amekibandika tepu pembe zote, akasema zisitolewe mpaka kesho, gari lisioshwe, milango isibamizwe, dirisha liachwe wazi kidogo. Nikaitikia kila neno. Hata nikaandika kwenye karatasi.

Lakini tepu zile, jamani! Gari linafanana na mgonjwa. Majirani wanapita wakitoa pole. Na nikifikiri vizuri, gundi inayokauka kesho asubuhi, jioni hii imeshakauka sehemu kubwa. Mafundi huongeza siku ili waonekane mafundi. Nimezibandua. Nikabamiza mlango mara moja, kupima tu.

Kimekaa imara. Isipokuwa juu, kona ya kushoto, ile karatasi ya masharti ya fundi inapita kati ya kioo na fremu.

Mke wangu ameuliza kama kila kitu ni sawa. Nimemwambia ni sawa. Mwanya si ufa.