Kiuno cha Fundi Cherehani

Jumatatu, 3 Machi
Shemeji yuko kwetu wiki ya pili sasa, na tayari amekalia kiti changu. Kaka wa mke wangu, mpakia mizigo, kifua kama kabati. Leo kaniita Tumbo. Mimi! Fundi cherehani mwenye heshima zangu! Nikamwambia mnene ni yeye. Ubishi mpaka chai ikapoa. Mke wangu akasema Ijumaa twende wote zahanati tukapimwe, atakayeonekana mnene aachie kiti. Nikakubali. Ulimi wangu huu!

Jumanne, 4 Machi
Nimepeleleza. Jirani muuza dawa anasema wanagawa kilo zako kwa urefu wako kwa mita, kisha wanagawa tena kwa urefu huohuo. Ikifika thelathini, huo ni unene uliokithiri. Kumbe! Si lazima nipungue, yatosha nirefuke. Nimetia sponji ndani ya viatu, tabaka nne. Natembea kama bata. Lakini bata mrefu.

Alhamisi, 6 Machi
Jirani kaongeza: wanapima na kiuno. Hapo sasa! Utepe ndiyo kazi yangu, mwaka wa kumi na tisa huu. Nimekata sentimita kumi katikati ya utepe mpya, nikaunganisha kwa gundi, huoni kitu. Nitampa muuguzi zawadi. Utepe umepungua, kiuno nacho kitapungua. Nimecheka peke yangu hadi mke wangu akauliza kama naumwa.

Ijumaa, 7 Machi
Muuguzi, mama mpole mwenye miwani, neno lake la kwanza: "Baba, vua viatu."

Basi. Kilo themanini na nne, mita moja na sentimita sabini. Ishirini na tisa! Shemeji thelathini na moja na ushee. Nikaruka. Muuguzi akasema nisubiri, mizani haitofautishi msuli na mafuta. Akapokea utepe wangu, akashukuru sana. Akatafuta katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga. Nikabana pumzi. Akaniuliza nina watoto wangapi. Nikajibu. Pumzi ikatoka, tumbo likafuata. Mia moja na kumi na tisa!

Nikapiga kelele kwamba utepe ni mbovu, umekatwa sentimita kumi, ndiyo maana namba inazidi. Akauliza nimejuaje. Shemeji alikaa sakafuni kwa kicheko.

Muuguzi akaleta utepe wake: mia moja na tisa. Nimepunguza kumi kwa dakika moja, hakuna aliyenipongeza. Shemeji tisini. Uzito wake ni msuli wa kubeba magunia. Wangu ni mafuta ya tumboni, yale yanayosumbua moyo na kuleta kisukari. Kiuno kisizidi nusu ya urefu, muuguzi akasema. Kiti kikawa cha shemeji.

Mke wangu hakucheka. Njia nzima alinishika mkono. Akasema bado ananihitaji. Nikaahidi kutembea nusu saa kila siku. Nilimaanisha kabisa.

Jumapili, 16 Machi
Mke wangu kafurahi hadi machozi. Suruali zangu zote zinapwaya! Anawatangazia majirani. Hata shemeji ananitazama kwa heshima, anauliza huwa natembea njia ipi. Nikamwambia zote.

Cherehani ni chombo jamani. Jana nilifumua viuno vya suruali zote, nikaongeza inchi moja moja. Nilikaa tu kwenye kigoda cha cherehani, sikutoka hata jasho. Wiki ijayo naongeza nyingine. Kwa mwendo huu, mwezi wa tano nitakuwa mwembamba kama sindano.