Namna ya Kushindwa kwa Ustadi

Jumatano, 6 Agosti. Antsirabe. Baridi ya kung'oa meno.

Moyo umechoka. Daktari kasema nijiandae. Binti yangu Voahangy ananisihi nimwite mchungaji, niungame. Nimemwambia nitaungama humu daftarini, tena bila kujuta! Kabla ya kulazwa kaburini pamoja na wazee wetu nataka kitu kimoja: jina langu kwenye ukuta wa klabu ya fanorona, mchezo wetu wa kete, penye majina ya mabingwa. La Ramilison lipo mara nne. Mimi sijawahi hata kumfunga.

Leo mashindanoni kuna neema. Ramilison ana homa, kapoteza mchezo, kawa wa pili kundini kwake. Kwa hiyo mshindi wa kundi letu atakutana naye nusu fainali. Wa pili wetu atampata Rabenja, wa kwanza wao, ambaye husinzia mbele ya ubao. Mimi na Rafaralahy tumeshafuzu. Kesho tunapambana kutafuta wa kwanza. Lazima nishindwe!

Alhamisi, 7 Agosti.

Rafaralahy kapiga hesabu ileile, laghai mkubwa! Nasukuma kete mdomoni mwake, naye anasukuma zake mdomoni mwangu. Sheria ya fanorona haina huruma: ukiweza kula, lazima ule. Nimelishwa hadi nikakinai. Muuza karanga akauliza kwa sauti kama wazee hawa wanacheza au wanalishana uji. Rafaralahy akaninong'oneza, mzee mzima sina hata haya? Nikamwambia atangulie kuonyesha zake. Mwishowe nikampangia kete zangu za mwisho mstari mmoja, akakosa pa kukimbilia. Kazila huku machozi yanamlengalenga. Nimeshindwa! Sijawahi kucheza vizuri hivi.

Jumamosi, 9 Agosti.

Rabenja hakusinzia. Wamemnywesha kahawa, wahuni! Kaninyoa bila maji. Kwingine Ramilison, anatetemeka kwa homa, kafungwa na Rafaralahy kabla chai haijapoa. Voahangy akauliza, Baba, si bora ungeshinda tu juzi? Nimemkataza kunifundisha fanorona. Akasema basi nishukuru: kesho nacheza na Ramilison kutafuta wa tatu, na kwa hali yake hata kuku angemfunga.

Jumapili, 10 Agosti. Baada ya ibada.

Kanuni za mwakani zimebandikwa mlangoni. Wa tatu wa mwaka huu atapangwa kundi moja na bingwa. Wa nne atapangwa na wanagenzi wa Ambositra. Ahaa!

Ramilison kaja kajifunika shuka hadi masikioni. Kaniambia, leo umenipata, kaka yangu, nimalize upesi nikalale. Nimmalize? Nimehenya hadi mchana kumlisha. Kila akisahau kula, namsomea sheria. Kanifunga akiwa nusu usingizini.

Voahangy kalia njia nzima. Mlangoni akashindwa kujizuia, akauliza, Baba, hiyo mwakani utakuwepo?

Nikamuuliza, kwa kundi rahisi namna ile, nitakosaje?