Makala Yenu ya Theluji Inanipeleka Gulwe

Kefa Mazengo,
Karani wa Masjala,
Dodoma.
10 Desemba, 1996

Ndugu Mhariri wa Ukurasa wa Familia,

YAH: KUOMBA MASAHIHISHO YA MAKALA "JINSI YA KUCHAGUA KITUO CHA KUTELEZA KWENYE THELUJI KINACHOFAA FAMILIA"

Poleni na kazi. Mimi ni msomaji wenu tangu gazeti lenu lianze, yaani tangu Machi. Naandika kwa heshima zote kuwajulisha kwamba makala hiyo imenivurugia mpango niliouendesha miaka tisa bila hitilafu.

Mpango wenyewe ni huu. Kwetu ni Gulwe, pale kwenye reli, na mama yangu mzazi, Anyesi, bado yuko huko. Likizo yangu huangukia Desemba, mvua zinapoanza na Gulwe nzima kushika jembe. Mtumishi wa serikali akishuka kwenye treni mwezi huo haulizwi habari za mjini. Hupewa jembe kabla ya maji ya kunywa. Mimi jembe nimelikimbia tangu nipate ajira. Mara nimesema reli imekatika kwa mafuriko, mara mtoto ana surua, na mwaka juzi nilisema ofisini kuna ukaguzi wa mafaili, ukaguzi ambao niliuomba mwenyewe.

Mwaka huu sababu ziliniishia, ndipo nikaona makala yenu. Wiki hiyo hiyo nilikuwa nimenunua kwenye mitumba koti nene la bluu, na kwenye zipu bado lilikuwa na kadi ya kupandia mlima wa theluji, yenye picha ya Mzungu anayecheka. Nililivaa ofisini siku tatu katika joto hili, jasho likinitoka hadi kwenye soksi, nikiamini ni ishara.

Nikamwekea makala mezani mke wangu, Generosa, ambaye kwao ni Bukoba, nikamweleza kwamba familia za kisasa hazirundikani kwa bibi, huchagua kituo. Sikuwa na nia ya kwenda Ulaya. Nauli yake siipati hata nikiuza masjala nzima pamoja na makabati. Nilitaka tu tukae nyumbani tukichagua, mpaka likizo iishe.

Generosa alivaa miwani akaisoma yote. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mliandika kwamba kituo kiwe karibu na stesheni ili watoto wasichoke. Mke wangu akauliza kutoka stesheni ya Gulwe hadi kwa mama ni mwendo gani. Binti yetu Ruthu, ambaye ana miaka minane na hajawahi kufika huko, akajibu kwamba baba yake mdogo, Luka, aliwaambia ukiita ukiwa ndani ya behewa bibi anasikia.

2. Mliandika kwamba pawe na walezi wa watoto wenye uzoefu. Mama ana wajukuu saba pale nyumbani na hajapoteza hata mmoja.

3. Mliandika kwamba vifaa vipatikane hapo hapo, vya kila kimo. Gulwe majembe yapo, ya mpini mrefu na mfupi, tena hayakodishwi. Hapa niliomba maji.

4. Mliandika kwamba miteremko ipangwe kwa rangi, nyeusi kwa mabingwa na kijani kwa wanaoanza. Hili ndilo lililonimaliza. Shambani kwa mama, kule bondeni, kuna kipande changu. Kila msimu hukipima kwa miguu yake na Luka haruhusiwi kukigusa. Generosa akasema hicho ndicho cha kijani, kwa kuwa baba ndiye anayeanza. Watoto walicheka, hata yule wa mwisho ambaye hajui rangi.

Kwa kuwa kipande hicho kinatumika dhidi yangu, naomba nijitetee. Kwa hesabu yangu kimelala miaka tisa na sasa ni kichaka cha miiba. Je, kuna aliyekufa njaa? Hakuna. Kila Julai Luka anatuletea gunia zima la unga wa uwele, tunakula mpaka Krismasi. Huo ni ushahidi tosha kwamba Gulwe hainihitaji.

5. Nilipoeleza kwamba Gulwe hakuna theluji, nilionyeshwa aya yenu ya mwisho: mwaka ambao theluji ni haba, familia iende tu, kwa sababu watoto watakumbuka walivyokuwa pamoja. Ndugu Mhariri, nani aliwatuma kuandika aya ile? Mlikuwa mmeshamaliza vizuri.

Kwa hiyo naomba mchapishe masahihisho kabla ya tarehe 19, siku ambayo tumekatiwa tiketi. Mseme kwamba theluji ni lazima, tena isipungue magoti. Kwamba familia ni baba, mama na watoto, bibi hayumo. Na kwamba jembe si kifaa cha mapumziko. Mkiona aibu kujisahihisha, semeni ni kosa la mpiga chapa.

Nakiri kwamba si jembe tu ninaloogopa. Mtu akikosa kwenda mwaka mmoja anaweza kueleza. Akikosa tisa, hajui aanzie wapi, na mikono yangu imekuwa laini kiasi kwamba mama akiishika atajua yote. Naona aibu, na aibu haimo katika vipengele vyenu.

Nisalimieni wapiga chapa, wauza magazeti wote wa stendi, na yule aliyetafsiri makala, ingawa yeye msimsalimie sana.

Ni mimi msomaji wenu mtiifu, niliyefungiwa mizigo tayari,
Kefa Mazengo

Nyongeza. Gulwe, 27 Desemba. Barua hii niliisahau kwenye mfuko wa koti. Nimeletewa leo na mama, ambaye koti amelichukua yeye kwa sababu linazuia mvua, na kadi ya Mzungu hataki itolewe. Tafadhali msichapishe masahihisho. Kichaka sikukikuta. Kipande changu mama amekilima peke yake kila mwaka, na ule unga wa Julai unatoka humo. Mama alimkataza Luka asituambie. Tulipofika, shamba zima lilikuwa limeshalimwa isipokuwa hapo. Nilimuuliza mama kwa nini hapo tu palikuwa bado. Alinijibu kwa Kigogo, nami nawatafsiria: "Chako nakiacha cha mwisho. Nasikiliza kwanza treni." Tumekilima siku nne, wote sita tuliotoka Dodoma, na mikono yangu ina malengelenge. Mwakani makala ya theluji ichapeni mapema, ikiwezekana Oktoba.