Mfuko Wangu na Mstari wa Mbele

Jumatatu, 2 Juni 2025

Nimerudi kwaya. Vigelegele, pole nyingi. Halafu nikamwona Agnella amesimama mahali pangu. Mstari wa mbele, katikati, penye maiki! Pale nimesimama tangu Febronia wangu akiwa mgongoni, na sasa anasoma chuo. Nikamwambia asante kwa kunishikia nafasi. Akasema Mama Febronia, mgonjwa apumzike, kuna benchi kule nyuma. Benchi! Nilikatwa utumbo, sikukatwa koo.

Wanajua nilipasuliwa. Kuhusu mfuko hawajui. Daktari alinitoboa tumbo upande wa kushoto, utumbo ukachungulia nje, na choo kinaingia kwenye mfuko uliobandikwa hapo. Kile kitundu nakiita Mheshimiwa, kwa kuwa huongea akitaka na hakuna wa kumkatiza. Agnella akijua, benchi litakuwa langu mpaka nizikwe.

Mwalimu Sylvanus ameamua: atakayefanya vizuri mazoezini Ijumaa ndiye ataanzisha wimbo wa shukrani siku ya Pentekoste. Nitakuwa mimi.

Jumanne, 3 Juni

Balaa. Mshono wa sare kachagua Agnella: gauni la kubana kiunoni. Mfuko ukijaa kidogo tu nitaonekana nimeiba embe. Nikaenda mtaa wa Viwanja Sitini kwa fundi Evodius. Nikamweleza, uso mkavu kabisa, kwamba kwaya imebadili mawazo, inataka madera. Mapana! Akauliza mbona Agnella hajamwambia. Nikasema anaona aibu. Akaleta futi apime kiuno changu, nikampiga mkono. Dera langu atakadiria.

Alhamisi, 5 Juni

Sare zimefika! Kwaya nzima tumekuwa mahema. Agnella amezama ndani ya lake, zinaonekana ncha za vidole tu. Alikwenda kugombana na fundi, fundi akanitaja. Nikasema msimu huu wa mavuno kila mtu anashona nguo, maskini Evodius amechanganyikiwa. Mwalimu Sylvanus akasema mshono unapitisha hewa, ubaki hivyo. Nilicheka njia nzima.

Ijumaa, 6 Juni

Mazoezi. Kaimba Agnella, nikaimba mimi. Mwalimu akasema Jumapili naanzisha mimi. Mimi!

Kisha ikaja sala ya kufunga. Kimya. Mheshimiwa akaomba nafasi ya kuchangia. Hoja ndefu. Vichwa vyote vikageuka. Na mimi nikageuka, nikamtazama Mzee Dionisi wa besi. Basi wote wakamtazama. Mzee wa watu akaomba radhi! Akasema labda ni mihogo aliyokula asubuhi. Nilijisikia vibaya sana, mpaka nilipofika getini.

Febronia kanisema. Anataka niwaambie watu ukweli, na nikamwombe radhi mzee. Nimekataa. Nina mpango bora: kesho sili kitu. Tumbo tupu litakuwa na neno gani la kusema? Febronia akanikumbusha kwamba nesi alinikataza kuruka mlo, eti tumbo tupu ndilo hujaa gesi. Nesi haimbi kwaya.

Jumapili, 8 Juni, Pentekoste

Nesi alisema kweli.

Ilipofika Injili mfuko ulikuwa umeumuka kama andazi. Nashukuru dera. Padri akahubiri juu ya upepo wa Roho Mtakatifu. Wangu ulikuwa mwingine. Baada ya komunyo kanisa likanyamaza, nikasogea kwenye maiki, nikavuta pumzi. Mheshimiwa akaanzisha kabla yangu. Kwenye spika! Hata waliokaa nje chini ya turubai walisikia. Watoto wakacheka. Kwaya ikamgeukia Mzee Dionisi, naye, masikini, alikuwa keshainamisha kichwa aombe radhi tena.

Hapo nikapandwa na hasira. Sijui nilimkasirikia nani, nadhani wote, na mimi nikiwemo. Nikasema kwenye maiki kwamba ni mimi. La Ijumaa pia lilikuwa langu. Kwamba nilikuwa nakufa, nikatobolewa tumbo, sasa navaa mfuko, na bila huo mfuko wangekuwa wameshaniimbia wimbo wa mazishi tangu mwezi wa pili. Niko hai na sauti ninayo. Anayeona kinyaa, benchi liko nyuma.

Kisha nikaanzisha. Sijawahi kuimba vile maishani mwangu. Ubeti wa pili nililia, na sikuacha kuimba. Mzee Dionisi aliitikia mpaka spika ikakwaruza.

Jumatatu, 9 Juni

Amekuja Agnella, analia, ameniletea samaki, perege wabichi. Anaomba radhi kwa ajili ya lile benchi. Nikamsamehe kabisa, nikampa chai. Akauliza kwa upole kama mwenye mfuko ana masharti ya kufuata, ili wanakwaya wanisaidie. Febronia akanikazia macho kutoka mlango wa jikoni. Nilimwelewa. Na ni kweli, jana ukweli ulinifikisha pazuri, sikatai.

Nikamwambia Agnella masharti ni mawili tu. Daktari amekataza mwenye mfuko kusimama nyuma ya mtu yeyote. Na asiguse ufagio.

Zamu zangu za kufagia kanisa atafanya yeye, hadi Krismasi.