Mheshimiwa Wathome Azindua Mchezo Wetu

Hili sijamwambia mtu, hata mama: ule mchezo wa maandishi ambao watu wa mtaa wetu wa Huruma, Nairobi, wanaucheza kwa simu ndogo, niliutengeneza mimi. Wengine husema ulitoka Ulaya. Wengine humsifu mlinzi wa ukumbi kwa sababu funguo zinakaa kwake. Mimi hunyamaza, kwa kuwa nikitazamwa na watu wawili kwa pamoja sauti hunikauka. Tangu nilipomaliza Kidato cha Nne nilikuwa nikiketi kwenye kompyuta kuukuu ya ukumbi wa mtaa nikiuandika. Hauna picha. Unaandika "panda ngazi", unasoma kwamba umefika ghorofa ya pili na nani yuko hapo. Seva yake, yaani programu inayouendesha, haimzungukii kila mchezaji ikimuuliza amefanya nini. Inatulia mpaka tukio litokee. Ukigonga mlango, tukio hilo linaingia kwenye foleni, linashughulikiwa, na walio karibu na mlango huo peke yao ndio wanaoambiwa.

Jumamosi asubuhi mchezo ulizimwa. Mheshimiwa Wathome wa Idara ya Mageuzi ya Kidijitali Mitaani alikuja kuzindua mwingine ulio mkubwa zaidi, na ukumbi wetu una soketi moja tu inayofanya kazi, kwa hiyo kompyuta ilichomolewa ili spika ipate umeme. Watu hawakuja kumsikiliza. Walikuja kujua kama mchezo wao utarudi. Hotuba naiandika hapa kama ilivyoniingia masikioni nikiwa nimejibanza nyuma ya spika, na kama nimetia chumvi, si nyingi.

"Mheshimiwa mgeni wa heshima, ambaye kwa mujibu wa ratiba ya leo ni mimi mwenyewe; Naibu Msaidizi wa Kamishna, aliyemtuma msaidizi wake, ambaye naye ametuma salamu, viongozi wa dini, wazee wa Nyumba Kumi, wanahabari, ambao nimehakikishiwa kwamba wako njiani, wadau wa ndani, wa nje na wa pembeni, mwenye viti hivi vya plastiki, mabibi na mabwana mlioketi, na nyinyi vijana mliosimama kwa hiari yenu kwa kuwa viti vimeisha: itifaki imezingatiwa, na pale ambapo haikuzingatiwa, ihesabiwe kwamba imezingatiwa. (Makofi kutoka meza kuu.)

"Nimesimama hapa kwa unyenyekevu mkubwa, unyenyekevu ambao wenzangu idarani wamekuwa wakiuzungumzia mara kwa mara, kuzindua Mfumo Jumuishi wa Seva ya Michezo ya Maandishi Inayoongozwa na Matukio, Awamu ya Kwanza, mfumo ambao kifupisho chake bado kinajadiliwa na kamati, na ambao utaiweka Huruma, Mukuru kwa Reuben na mitaa yote inayopakana na Industrial Area kwenye ramani ya dunia. (Makofi. Mtu anauliza mchezo uko wapi.) Nafika huko.

"Kabla ya kuja, idara yangu ilifanya utafiti wa kina, yaani benchmarking, katika hoteli moja kando ya ziwa, ambako sisi wataalamu tulijifungia mpaka tukatoka na ripoti nzito kiasi kwamba ilibidi ibebwe na watu wawili. Ripoti hiyo inaonyesha kwamba asilimia tisini na saba ya wakazi wa Eastlands wanacheza michezo ya simu, na kwamba asilimia tatu iliyobaki ilikuwa ikicheza wakati wa kuhojiwa, hivyo haikujibu. Hizo ni takwimu, ndugu zangu, na takwimu hazina chama. (Mwenye viti anapiga makofi, anatazama saa.)

"Sasa, tulipoukagua huo mchezo uliokuwepo, tulishtuka. Matukio yalikuwa yakitokea yenyewe. Mtu anagonga mlango, mlango unafunguka, papo hapo, bila barua ya maombi, bila faili, bila afisa yeyote kuulizwa. Nikamgeukia msaidizi wangu, Bwana Samatar, nikamuuliza: hivi mlango huu umefunguka kwa idhini ya nani? Akatazama viatu vyake. Na Bwana Samatar ni mtu anayejibu. (Samatar anatikisa kichwa kwa majonzi.) Nikauliza tena, kwa nini seva hii imekaa kimya? Nikaambiwa inasubiri watu wafanye jambo. Inasubiri. Mali ya umma imekaa, inasubiri. Katika idara yangu hatuvumilii mambo ya namna hiyo. (Kicheko kirefu nyuma. Mheshimiwa anakipokea kwa kuinua mkono.)

"Kwa hiyo, chini ya uongozi wangu, na ninasema uongozi wangu ili kumbukumbu za kikao ziwe sawa, tumebuni framework mpya kabisa. Katika mfumo huu, mchezaji akiandika 'gonga mlango', ombi lake litapokelewa na Dawati la Matukio, litapigwa muhuri, litapelekwa kwa Kamati ya Milango, ambayo hukutana kila robo ya mwaka akidi ikitimia, na likipitishwa litarudi mezani kwangu ili niridhie, ndipo mlango utakapogongwa. Kuhusu kufunguliwa kwake, hiyo ni Awamu ya Pili. (Makofi kutoka meza kuu.)

(Opicho, ambaye hutafuta vibarua kwenye viwanda na hucheza mchezo huo akingoja getini kuitwa, anainua mkono, anauliza bila kungoja kuruhusiwa. 'Na kama mbwa ananifukuza, mkubwa? Nikiandika kimbia, nangoja kamati?')

"Swali zuri kutoka kwa mdau. Mbwa naye ataomba kibali cha kuuma. Serikali haibagui.

('Na akipewa kabla yangu?')

"Basi atakuwa amefuata utaratibu kukushinda. (Opicho anamwambia jirani yake, 'Buda, huyo mbwa ana mtu ofisini.')

"Naendelea. Seva yetu haitakaa kimya. Kila sekunde itamuuliza kila mwananchi mmoja mmoja: umefanya jambo? Umefanya jambo? Kama hajafanya, itamuuliza tena, kwa sababu tunajali. (Sauti ya mama mmoja: 'Na bando ya intaneti ni ya nani?') Mama, hilo litajibiwa kwa maandishi. Aidha, tumegundua kwamba mchezo wa zamani ulikuwa na upendeleo wa kutisha: mlango ukigongwa Huruma, walioambiwa ni wale tu waliokuwa karibu nao. Je, aliye Mukuru si Mkenya? Katika mfumo mpya, mtu mmoja akigonga mlango, simu zote zitalia, kuanzia hapa hadi kiwanda cha mwisho cha Industrial Area. Huo ndio uwazi. ('Hata nikiingia choo?' anauliza kijana mmoja.) Hasa choo. (Kelele. Samatar anaomba utulivu.)

(Hikma, ambaye baba yake ana duka la rejareja mkabala na ukumbi, anasimama. Ameshika simu mkononi tangu asubuhi. 'Mheshimiwa, shikamoo.')

"Marahaba, binti yangu.

('Mimi nilikuwa na duka ndani ya mchezo. Ghorofa ya tatu. Nimelijenga tangu Ramadhani. Saa hii nikifungua simu, hakuna kitu. Liko wapi?')

"Lilikuwa na leseni?

('Ni duka la maandishi, Mheshimiwa.')

"Basi leseni yake ingekuwa ya maandishi. Leseni zote ni za maandishi. (Meza kuu inacheka.)

('Rafiki yangu Lela alihamia Mombasa. Simu yake haiwezi mambo ya picha wala video. Hapo dukani ndipo tunapokutana, kila siku akitoka kazini. Leo ataingia, atakuta hakuna ngazi, hakuna duka, na mimi sipo. Naomba tu kujua kama litarudi.')

(Hata mwenye viti haangalii saa.)

"Binti yangu, nimekusikia, na nimeguswa, na Bwana Samatar ataandika kwamba nimeguswa. Lakini maendeleo yanahitaji kuanza upya. Yote yaliyokuwemo katika mchezo ule tumeyaweka kando, ili wananchi wa Huruma wapate ukumbi mtupu wa kidijitali, safi, usio na vitu vya watu. Duka lako halijapotea. Limeingizwa kwenye mpango. Nawe na rafiki yako mtapewa kipaumbele, mtajaza maombi ya kukutana, kila mmoja kwa wakati wake, na mkikubaliwa mtajulishwa. (Hikma anaketi. Opicho anamsogezea kiti karibu, anasema polepole, 'Wacha tu, dadangu.')

"Sitaki kujisifu. Wengine wamenisifu, nami sina budi kuripoti. Chini yangu, idara imeongeza ubunifu kwa asilimia mia moja na kumi na nne. Chini yangu, neno 'dijitali' limetumika katika kila kikao, hata vikao vya mazishi. Kuna wanaouliza, huyu Wathome analala saa ngapi? Nawajibu: wakati wa vikao vya wengine. (Makofi. Mheshimiwa anatambua alichosema, anakohoa.)

"Wakati umefika wa kukata utepe. Kabla ya hapo, tuseme pamoja. Nikisema matukio, mseme kwa idhini. Matukio. (Meza kuu: 'Kwa idhini.') Milango. (Meza kuu: 'Kwa muhuri.') Maendeleo. (Opicho: 'Kesho.')

(Anakata utepe. Anavuta kitambaa cha rangi ya bendera. Chini yake kuna meza tupu. Anainama kutazama chini ya meza. Samatar anamnong'oneza.)

"Nimefahamishwa sasa hivi, na jambo hilo nalipokea kwa ukomavu. Kwa hiyo namalizia kwa shukrani. Namshukuru mkandarasi wa mradi huu, ambaye tangazo la kumtafuta litatoka. Nawashukuru wahandisi waliokesha wakiunda mfumo huu, wowote watakaokuwa. Naishukuru Kamati ya Milango, tukishaiteua. Naishukuru seva yenyewe, ambayo itanunuliwa mara tu idara itakapoelezwa ni kifaa cha namna gani. Nawashukuru zaidi nyinyi wananchi, kwa kuupokea kwa mikono miwili mradi ambao, ingawa haujaanza, nautangaza rasmi kuwa umekamilika. Ahsanteni, na viti visiondoke na mtu."

Baada ya hapo msafara ulikwenda kwenye chakula, na kompyuta ya ukumbi ikafungiwa stoo kama mali inayosubiri kukaguliwa. Hikma alibaki nje na simu yake. Nilipita karibu naye, nikashindwa kusema hata pole.

Lakini seva ya namna hii ina jambo moja ambalo idara haikuliuliza. Kila tukio hutunzwa kwa mpangilio wake, tangu mlango wa kwanza ulipogongwa, na ukiyapitisha yote upya, moja baada ya jingine, mtaa mzima unajijenga tena kama ulivyokuwa. Nakala nilikuwa nayo kwenye flash. Jumatatu mchana niliyapitisha matukio yote kwenye simu ya zamani ya mjomba yenye kioo kilichopasuka, ambayo sasa ndiyo seva, nikakaa nikitazama ghorofa zikipanda. Jioni Hikma alikuwa kwenye ngazi za duka la baba yake akipanga mikate. Simu yake ikalia. Niliyajua maneno yaliyoandikwa pale kwa sababu seva ndiyo iliyoyatuma: "Uko dukani kwako, ghorofa ya tatu. Lela yuko hapa. Lela anasema: ulikuwa wapi, mwenzangu, nimezunguka nje siku mbili." Hikma alikalia kreti ya soda, akaanza kuandika, na mteja akamngoja.

Simu ya mjomba nimeiweka wapi, sisemi. Nawe uliyesoma mpaka hapa, nakuomba usimwambie mtu kwamba mchezo upo wala nani aliyeutengeneza. Sio tu kwamba naona haya. Mheshimiwa akisikia, atarudi kuuzindua.